Nani Aitwaye Mhaini? Adhabu ya Kifo katika Historia ya Nchi Yetu

Mwezi wa Machi 2024, Waziri wa Sheria alitia sahihi waraka uliotangaza kwamba hukumu za kifo zitaanza tena kutekelezwa katika nchi yetu. Ilikuwa imepita miaka zaidi ya ishirini bila serikali kumwua mtu kwa amri ya mahakama. Waraka ulitoa sababu mbili: uhaini ndani ya jeshi wakati vita vinaendelea mashariki, na ujambazi wa mijini unaowaua raia. Siku chache baadaye, katika mkutano wa vijana wa parokia yetu hapa Lubumbashi, tuliuliza ni nani anayeunga mkono uamuzi huo. Mikono mingi iliinuliwa. Sisi wakubwa, tuliokuja na mafundisho ya Kanisa mkononi, tuliona kwamba hatukujiandaa vya kutosha.

Binti mmoja alisimama. Kaka yake aliuawa na wezi walioingia nyumbani usiku. Alisema: “Baba katekista, mnatufundisha juu ya uhai wa muuaji. Mimi nilimzika kaka yangu. Waliomwua walikamatwa, na baada ya miezi michache tukawaona sokoni wakinunua unga kama watu wengine.” Hatukuwa na jibu. Tulisali pamoja naye, tukafunga mkutano.

Tarehe 30 Septemba 2025, Mahakama Kuu ya Kijeshi huko Kinshasa ilimhukumu Joseph Kabila, aliyekuwa Rais wa Jamhuri, adhabu ya kifo bila yeye kuwepo mahakamani. Uhaini ulikuwa mmojawapo wa makosa aliyoshtakiwa. Tulipokutana tena, kundi lile lile liligawanyika. Baadhi ya waliokuwa wameinua mikono mwaka 2024 walisema hukumu hii ni siasa tupu. Wengine walinyamaza na kutazama chini.

Hatuandiki ukurasa huu ili kusema kama mtu huyo ana hatia au hana. Tunaandika kwa sababu ya ukimya ule. Tulitambua siku hiyo kwamba mtu huikubali adhabu ya kifo kwa urahisi akidhani anajua ni nani atakayesimama mbele ya bunduki. Basi tusome historia yetu wenyewe, tuone ni nani waliosimama pale, waliitwaje siku ile, na wanaitwaje leo.

Ngongo Lutete, 1893

Ngongo Lutete alikuwa kiongozi wa vita katika nchi ya Lomami na Sankuru. Hakuwa mtu mpole. Vijiji vingi viliteketea na watu wengi walichukuliwa utumwani kwa mkono wake. Kwanza alimtumikia Tipo Tipo, yaani Hamed bin Muhammed, yule mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa aliyetoka Unguja. Mwaka 1892 aliuacha upande huo, akajiunga na Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold II. Askari wake walikuwa sehemu kubwa ya jeshi lililoongozwa na Francis Dhanis, ambalo liliteka Nyangwe na Kasongo mwaka 1893.

Mwezi wa Septemba mwaka huo huo, maofisa wa Dola waliokuwa Ngandu, mji wake mwenyewe, walimshtaki kwa uhaini. Waliunda mahakama ya kijeshi papo hapo, wakamhukumu, na tarehe 15 Septemba 1893 akapigwa risasi. Dhanis, aliyekuwa mbali, alikuwa amemtuma Kapteni Sidney Hinde kwenda Ngandu kulisimamisha jambo hilo. Hinde alifika saa 48 baada ya Ngongo kufa.

Maofisa wale waliamini kwamba wanalinda nidhamu ya jeshi. Matokeo yalikuwa kinyume. Wengi wa askari wa Ngongo walipelekwa kutumika Luluabourg, ambayo leo ni Kananga. Walikuwa na manung’uniko mengi: mishahara isiyolipwa, viboko, na damu ya kiongozi wao. Tarehe 4 Julai 1895 waliasi, wakamwua ofisa wao, na uasi huo ukaisumbua Dola kwa miaka mingi. Dola ilikuwa imemwua mshirika kwa jina la mhaini, na kwa kufanya hivyo ikajitengenezea waasi wa kweli.

Simon Kimbangu, 1921

Mwezi wa Aprili 1921, katika kijiji cha Nkamba, Kongo ya Chini, Simon Kimbangu alianza kuhubiri na kuombea wagonjwa. Alikuwa amewahi kuwa katekista wa Wabatisti. Umati wa watu ulimfuata, wengine wakiacha kazi za mashamba na za makampuni. Watawala wa Kibelgiji waliogopa. Na tuseme ukweli: wamisionari wengi wa Kanisa letu la Katoliki wakati ule walimwona kuwa mtu wa hatari, hawakuinua sauti kwa ajili yake.

Alifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi huko Thysville, leo Mbanza-Ngungu, bila mwanasheria wa kumtetea. Hakuwa ameshika silaha wala kumwua mtu. Tarehe 3 Oktoba 1921 alihukumiwa viboko 120 na kifo, kwa kosa la kuhatarisha usalama wa dola. Baadaye Mfalme Albert I aliigeuza hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Kimbangu aliletwa Elisabethville, huu mji wetu wa Lubumbashi, akafungwa hapa kwa miaka 30 hadi kifo chake tarehe 12 Oktoba 1951. Hatusemi kwamba miaka 30 gerezani ilikuwa huruma. Tunasema tu kwamba mwenye kuitwa adui wa dola mwaka 1921, leo dola inamheshimu: tangu mwaka 2023, tarehe 6 Aprili ni siku ya mapumziko nchini kote kwa ajili yake.

Kuna jambo jingine la kukumbuka juu ya wakati huo. Huko Ubelgiji, tangu mwaka 1863, wafalme walikuwa na desturi ya kugeuza hukumu za kifo za makosa ya kawaida kuwa vifungo. Ni mara moja tu, mwaka 1918 wakati wa vita, desturi hiyo ilivunjwa kwa kosa la namna hiyo. Lakini katika koloni, kamba ya kunyongea iliendelea kutumika juu ya shingo za Wakongomani. Sheria ya kifo tuliyorithi katika Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1940 iliandikwa na watu ambao kwao walikuwa wamekwisha kuiona kuwa haifai tena kwa watu wao.

Mashahidi wa Pentekoste, 1966

Wengi wenu mnapenda kandanda. Timu yetu ya taifa inapocheza Kinshasa, mnautaja uwanja wa Stade des Martyrs. Je, mmewahi kuuliza mashahidi hao ni akina nani? Sisi tuliosoma shule ya msingi wakati wa Zaire hatukufundishwa habari hii darasani. Tuliisikia kwa wazee, usiku, kwa sauti ya chini. Hata tulipojifunza ualimu, mwalimu wa historia alipofika mwaka 1966 alifungua ukurasa uliofuata.

Sikukuu ya Pentekoste ya mwaka 1966 iliangukia tarehe 29 Mei. Jenerali Mobutu alikuwa ametwaa madaraka miezi sita tu kabla. Siku hizo za Pentekoste walikamatwa wanasiasa wanne waliowahi kuwa mawaziri: Évariste Kimba, Jérôme Anany, Emmanuel Bamba na Alexandre Mahamba. Walishtakiwa kwa njama ya kupindua serikali. Inajulikana kwamba maofisa wa jeshi wenyewe, wakijifanya washirika, ndio waliowavuta kwenye mikutano hiyo.

Kimba alikuwa mtoto wa hapa kwetu Katanga, mzaliwa wa upande wa Bukama. Mwezi wa Oktoba 1965 Rais Kasavubu alikuwa amemteua kuwa Waziri Mkuu. Bamba alikuwa muumini wa Kanisa la Kimbangu, la yule mtu aliyehukumiwa kifo miaka 45 kabla yake.

Tarehe 31 Mei walisimamishwa mbele ya mahakama ya kijeshi, hadharani, bila wanasheria. Kesi haikuchukua hata nusu siku, na waamuzi walishauriana kwa dakika chache tu. Maombi ya huruma yalitoka nchi za nje na kwa watu wa Kanisa, hayakusikilizwa. Tarehe 2 Juni, mbele ya makumi ya maelfu ya watu, wote wanne walinyongwa mmoja baada ya mwingine. Kimba ndiye aliyetangulia. Mobutu mwenyewe alieleza baadaye kwamba ilibidi kutoa mfano ambao watu hawatausahau.

Kweli watu hawakuusahau. Mahali pale pa kunyongea ndipo pakajengwa uwanja mkubwa, uliofunguliwa mwaka 1994 kwa jina la Kamanyola. Mwaka 1997, Mobutu alipoondolewa, serikali mpya iliubadilisha jina: Uwanja wa Mashahidi wa Pentekoste. Wahaini wa 1966 wakawa mashahidi wa 1997. Taifa liliweza kubadilisha jina la uwanja. Kwa wajane na mayatima wa wale wanne hapakuwa na la kubadilisha.

Mahakama ya haraka, 1997 hadi 2003

Vijana, mngefikiri kwamba serikali iliyoandika neno “mashahidi” juu ya mlango wa uwanja ingejihadhari na mahakama za haraka. Haikuwa hivyo. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule wa 1997 ilianzishwa Mahakama ya Amri ya Kijeshi, iliyojulikana kwa jina la COM. Iliwahukumu askari na raia pia. Aliyehukumiwa hakuwa na nafasi ya kukata rufaa. Alibaki na huruma ya Rais peke yake. Watu wengi waliuawa kwa hukumu zake.

Mwezi wa Desemba 1999 serikali ilitangaza kwamba imesitisha kuua kwa hukumu. Mwezi mmoja baadaye, Januari 2000, mtoto askari mwenye umri wa miaka 14 aliuawa Kinshasa nusu saa tu baada ya mahakama hiyo kumhukumu. Watu wazima walimpa bunduki, na watu wazima wakamwua kwa sababu ya bunduki hiyo. Mwaka 2001 usitishaji ulitangazwa upya, mwaka 2002 ukaondolewa, na tarehe 7 Januari 2003 watu 15 waliuawa kwa siri huko Kinshasa. Rais wa wakati huo alikuwa Joseph Kabila, yeye ambaye mwaka 2025 amehukumiwa adhabu ile ile.

Katika juma hilo hilo la Januari 2003, mahakama ya COM iliwahukumu kifo watu wapatao 30 kwa mauaji ya Rais Laurent-Désiré Kabila. Kati yao alikuwamo Kanali Eddy Kapend, ambaye daima alikana kosa hilo. Wao hawakuuawa. Mahakama ile ilifutwa mwaka huo huo, lakini hukumu zake zilibaki. Kapend alikaa gerezani miaka 20, akaachiliwa kwa msamaha wa Rais mwezi wa Januari 2021. Baadaye alirudishwa jeshini, akapewa cheo cha jenerali, akakabidhiwa uongozi wa eneo la kijeshi la 22, ambalo makao yake yako hapa Lubumbashi. Fikirini: mtu aliyeandikiwa kufa kwa kosa kubwa kuliko yote, dola ile ile ilimkabidhi askari wake awaongoze. Kama hukumu ingetekelezwa siku ile, pasingekuwa na wa kusamehewa.

Sheria inasema nini leo?

Ni vizuri kutofautisha maneno mawili. Kufuta adhabu ya kifo ni kuiondoa katika sheria. Kusitisha ni kuiacha katika sheria bila kuitekeleza. Nchi yetu haijawahi kuifuta. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 16, inasema kwamba nafsi ya mtu ni takatifu na kwamba kila mtu ana haki ya kuishi. Kifungu cha 61 kinaongeza kwamba haki hiyo haiwezi kuondolewa hata wakati wa hali ya hatari. Lakini Kanuni ya Adhabu na sheria za kijeshi za Novemba 2002 bado zinataja kifo kwa makosa mengi, kama vile uhaini na kukimbia mbele ya adui. Mwaka 2010 Bunge la Taifa lililetewa pendekezo la kuifuta adhabu hiyo, likalikataa. Hivyo, kwa zaidi ya miaka 20, mahakimu waliendelea kuhukumu kifo na magereza yakaendelea kuwahifadhi waliohukumiwa. Ulinzi wao ulikuwa desturi tu, na desturi huondolewa kwa karatasi moja. Karatasi hiyo ndiyo waraka wa Machi 2024.

Angalieni ni nani waliohukumiwa tangu hapo. Mwezi wa Mei 2024, huko Goma, askari wanane walihukumiwa kifo kwa kukimbia mbele ya adui. Mwezi wa Julai, katika eneo la Lubero, askari 25 walihukumiwa vivyo hivyo katika kesi iliyomalizika kwa siku moja. Watu 25, siku moja. Sisi walimu hutumia muda mrefu kuliko huo kusahihisha mitihani ya darasa moja. Mwezi wa Septemba, watu 37 walihukumiwa kifo kwa jaribio la mapinduzi la tarehe 19 Mei 2024. Kati yao walikuwamo Wamarekani watatu. Mwezi wa Aprili 2025 hukumu yao iligeuzwa kuwa kifungo cha maisha, nao wakarudishwa kwao. Hatuoni wivu kwa uhai wao, tunamshukuru Mungu. Tunauliza tu: askari wa Lubero, ambaye mama yake analima mihogo kijijini, ana balozi gani wa kumwombea?

Tena, nchi yetu iliridhia mwaka 2002 mkataba wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ambayo haina adhabu ya kifo. Mahakama hiyo ilimpa Thomas Lubanga kifungo cha miaka 14 kwa kuwaingiza watoto vitani huko Ituri, na Bosco Ntaganda miaka 30 kwa makosa ya vita na makosa dhidi ya ubinadamu. Basi kamanda aliyehukumiwa kwa mateso ya watu wengi anahesabiwa miaka, na askari mdogo aliyekimbia risasi anahesabiwa risasi. Mizani hiyo haiko sawa.

Kanisa nalo lina historia yake

Mtu anaweza kutuambia: ninyi Wakatoliki mmeanza lini kusema hivi? Swali ni la haki, na tusilikwepe. Wakati Papa alipokuwa pia mtawala wa nchi katika Italia, serikali yake iliua kwa hukumu. Mnyongaji mmoja wa Roma, Giovanni Battista Bugatti, aliandika katika daftari lake watu 516 aliowaua kati ya mwaka 1796 na 1864. Mji wa Vatikano uliiweka adhabu hiyo katika sheria yake hadi mwaka 1969, Papa Paulo VI alipoiondoa. Katekisimu ya mwaka 1992 bado iliiruhusu katika hali nzito.

Mwaka 1995, Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake juu ya Injili ya Uhai, alifundisha kwamba hali za kuihitaji zimekuwa chache sana, au kwa kweli hazipo tena. Mwezi wa Agosti 2018, Papa Fransisko alibadilisha namba 2267 ya Katekisimu: Kanisa sasa linafundisha kwamba adhabu ya kifo haikubaliki, kwa sababu inashambulia hadhi ya mtu, hadhi ambayo hata mwenye kosa zito haipotezi. Kanisa lilijifunza polepole, na kwa aibu fulani. Halina sababu ya kumdharau kijana ambaye naye bado anajifunza.

Lakini mzizi wa fundisho hilo ulikuwepo tangu mwanzo. Bwana wetu Yezu Kristu alishtakiwa kwa kosa la siasa: kwamba amejifanya mfalme kinyume cha Kaisari. Kesi yake ilikuwa fupi, umati ulipiga kelele, na liwali alinawa mikono. Kila tunaposali Njia ya Msalaba tunafuata nyayo za mtu aliyehukumiwa kifo na serikali.

Jirani zetu wamefanya nini?

Wengine husema kwamba kuifuta adhabu ya kifo ni jambo la Wazungu. Tutazame mipaka yetu. Nchi yetu ina majirani tisa. Angola iliifuta mwaka 1992, Rwanda mwaka 2007, Burundi mwaka 2009, Kongo-Brazzaville mwaka 2015, Afrika ya Kati mwaka 2022, na Zambia iliiondoa katika Kanuni yake ya Adhabu mwaka huo huo wa 2022. Ni majirani sita kati ya tisa.

Historia ya Rwanda inastahili kuangaliwa zaidi. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, nchi hiyo ilikuwa na hasira ambayo hakuna mtu anayeweza kuishangaa. Tarehe 24 Aprili 1998, watu 22 waliohukumiwa kwa makosa hayo waliuawa hadharani kwa risasi. Miaka tisa baadaye nchi hiyo hiyo iliifuta adhabu ya kifo. Sababu mojawapo ilikuwa ya kisheria: mahakama ya kimataifa ya Arusha na nchi nyingine hazikuweza kuwarudisha washtakiwa mahali ambapo wangeuawa. Ili kupata haki, ilibidi kuiacha kamba. Kama nchi iliyotendewa kosa zito namna hiyo iliweza, hatuwezi kusema kwamba sisi tumekosewa mno hata tusiweze.

Jibu tulilochelewa kulitoa

Sasa turudi kwa binti yule. Hoja yake ni nzito kuliko zote, na mafundisho yetu wenyewe yanaipa nguvu: Kanisa husema kwamba leo kuna njia za kumfungia mhalifu zinazoilinda jamii bila kumwua. Yeye anauliza: hapa kwetu njia hizo ziko wapi? Mwezi wa Septemba 2024, katika gereza la Makala huko Kinshasa, watu 129 walikufa katika jaribio la kutoroka, kwa hesabu ya serikali yenyewe. Mwishoni mwa Januari 2025, Goma ilipoangukia mikononi mwa M23, gereza la mji liliachwa wazi, maelfu wakatoka, na wanawake wengi waliokuwa ndani walipata mateso ya kutisha. Milango ya magereza yetu haifungi sawasawa. Hilo hatulikani.

Lakini tuangalie habari yake kwa makini. Waliomwua kaka yake hawakuhukumiwa kifungo wakatoroka. Hawakufika kamwe mbele ya hakimu. Walikamatwa, faili ikapotea katika ofisi fulani, nao wakatoka. Waraka wa 2024 haufufui faili iliyopotea, haumlipi mpelelezi mshahara wake, haumzuii mtu kununua uhuru kwa fedha. Katika nchi ya namna hiyo, adhabu ya kifo haimfikii aliye na fedha au rafiki mkubwa. Inamfikia yule ambaye hana wa kumsemea. Na dola isiyoweza kulinda faili moja ya mtu aliyeuawa, tutaiaminije kumwua mtu bila kukosea?

Tulimtembelea binti huyo na mama yake baada ya mkutano wa pili. Tulimwambia maneno hayo, kwa unyenyekevu, kwa sababu si sisi tuliozika. Alisikiliza, kisha akasema: “Basi nisaidieni kuitafuta faili.” Hakusema kwamba amebadilisha mawazo, nasi hatukumwuliza. Tangu hapo watu wawili wa kamati yetu ya Haki na Amani wamekuwa wakimsindikiza kwenda kuulizia kesi ya kaka yake. Mara tatu wameambiwa warudi juma lijalo. Watarudi.

Vijana wapendwa, kuna kazi ya kufanya hapa ambayo ni kubwa kuliko kuinua mkono katika mkutano. Familia zilizoumizwa ziko katika kila shirika letu. Wafungwa wasiojua tarehe ya kesi yao wako katika gereza la mji wetu. Na kila mara mtakaposikia redioni kwamba wahaini wamehukumiwa kifo, kabla ya kushangilia ulizeni maswali matatu: kesi ilichukua muda gani, nani aliwatetea, na nani anayefaidika wakifa. Ngongo, Kimbangu, Kimba na wenzake hawakupata mtu wa kuuliza hayo kwa wakati wake.

Maswali ya kutafakari pamoja

1. Je, katika familia zetu kuna mzee anayekumbuka tarehe 2 Juni 1966? Mwombeni awasimulie, na mwandike atakayosema.

2. Hukumu ya mwaka 2025 iligawanya kundi letu. Je, tungesema vile vile kama aliyehukumiwa angetoka jimbo jingine, au angekuwa askari asiyejulikana?

3. Mwizi anapokamatwa mtaani na watu wakataka kumchoma moto, ni nini kinachofanana na kesi ya siku moja, na ni nini kinachotofautiana?

4. Ni familia gani katika shirika letu inayotafuta haki ya marehemu wake? Nani kati yetu atakayewasindikiza, na siku gani?